Homa ya ini C kwa wajawazito wanaojidunga: huku Kentucky tunawapima, halafu tunawapoteza

nesi_wa_zamu (mleta mada)

Habari za muda huu wakuu. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma piteni salama.

Mimi ni nesi, kwa sasa nipo Lexington, jimbo la Kentucky, wodi ya wazazi. Nilipokuwa nyumbani, kliniki ya wajawazito tulipima VVU, kaswende, malaria na wingi wa damu. Homa ya ini C, yaani hepatitis C, ilikuwa ya kujibia mtihani tu. Huku haipiti wiki sijaiandika kwenye faili la mzazi, na wazazi wenyewe si wahamiaji kama mimi. Ni wazungu wa milimani, mashariki ya jimbo, kwenye mabonde ya makaa ya mawe ambako migodi ilifungwa na vidonge vikabaki.

Vidonge ndiyo mwanzo wa yote. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni OxyContin, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, na wauzaji wake wakapita kwa madaktari wakiwaambia uraibu ni jambo la nadra. Mtu kaumia mgongo mgodini, anaandikiwa. Mke wake kajifungua, anaandikiwa. Mwaka 2007 kampuni ilikiri kosa mahakamani kwamba iliipamba dawa kwa sifa za uongo, lakini kufikia hapo vijiji vizima vilikuwa vimeshanasa. Watu walikuwa wanavisaga na kuvuta puani. Mwaka 2010 kidonge kikatengenezwa upya kisisagike kirahisi. Nia nzuri, sawa. Matokeo yake wengi wakahamia kwenye heroini, na heroini maana yake bomba la sindano. Watafiti waliolinganisha majimbo walikuta kwamba pale OxyContin ilipokuwa imetumiwa vibaya zaidi ndipo homa ya ini C ilipopanda kwa kasi zaidi baada ya mwaka huo. Siku hizi ni fentanili, dawa nyingine kali ya jamii hiyohiyo, ambayo nguvu yake inakata mapema, kwa hiyo mtu anajidunga mara nyingi zaidi kwa siku.

Kirusi chenyewe ni kigumu kufa. Maabara wamekikuta kikiwa hai ndani ya bomba la sindano hadi siku 63. Tena si sindano peke yake. Kuna kijiko cha kuyeyushia, maji ya kuchanganyia, na kipamba cha kuchujia. Mama anakuapia hajawahi kutumia sindano ya mtu, na anasema kweli. Ila walikuwa watatu wanachovya kwenye kijiko kimoja.

Takwimu kidogo. Marekani nzima, mwaka 2009 wajawazito waliojifungua wakiwa na homa ya ini C walikuwa 1.8 katika kila vizazi hai 1,000. Mwaka 2014 wakafika 3.4. Jirani yetu West Virginia mwaka huohuo walikuwa 22.6. Mwaka 2016 taasisi ya serikali ya udhibiti wa magonjwa, CDC, ilitoa orodha ya kaunti 220 zilizo hatarini zaidi kwa mlipuko wa VVU na homa ya ini C kupitia sindano. Kentucky peke yake ilikuwa na 54, na iliyoshika namba moja nchi nzima, Wolfe, ni ya hapa milimani.

Niwape picha moja, nimeichanganya kutoka kwa kina mama wengi ili asitambulike mtu. Anaingia na mimba ya wiki thelathini na kitu, ndiyo hudhurio la kwanza. Nafunga mpira mkononi, ananizuia: "Hapo hupati kitu, jaribu mgongo wa kiganja, ule wa kulia." Anaijua mishipa yake kuniliko. Kweli damu inatoka. Naandika chupa. Swali lake la kwanza halihusu ini wala mimba. Anauliza, "Mtaninyang'anya mtoto?"

Narudi na sehemu ya pili, napokelewa zamu.

Bwana_Kaskazi

Mleta mada pole na kazi, lakini mimi nitasema wanachokwepa wengine. Mtu ana mimba anajidunga unga, huyo si mgonjwa, ni mhalifu. Afungwe mpaka ajifungue, mtoto apewe watu wenye akili. Mnawabembeleza halafu mnashangaa wanaongezeka.

maabara_ndogo

Kabla watu hawajaanza kupigana, niweke sawa jambo moja maana naona litaleta mkanganyiko.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza kinatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Kama robo hivi ya watu wazima wanaoambukizwa mwili hukifukuza wenyewe, na alama inabaki maisha. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kikisoma chanya, hujui bado kama mtu anaumwa. Cha pili kinatafuta kirusi chenyewe kwenye damu, RNA. Hicho ndicho cha kusema unacho au huna.

Na kwa mtoto mchanga ndiyo balaa zaidi. Kingamwili za mama zinavuka kondo la nyuma, mtoto anazaliwa nazo, zinaweza kukaa mpaka miezi 18. Ukimpima kichanga kwa kile cha kwanza utamwita mgonjwa mtoto mzima wa afya.

Halafu wakuu, B na C ni virusi viwili tofauti kabisa. Chanjo anayopata mtoto wiki ya 6, 10 na 14 inakinga B. C haina chanjo mpaka leo.

nesi_wa_zamu

Asante maabara_ndogo, umenipunguzia kuandika.

Bwana_Kaskazi, wazo lako limeshajaribiwa, huna haja ya kulibuni. Jirani zetu Tennessee walitunga sheria mwaka 2014, mjamzito aliyetumia dawa za kulevya na mtoto akazaliwa ameathirika ashtakiwe kwa kumshambulia mwanawe. Unadhani waliacha unga? Waliacha kliniki. Wengine walivuka mpaka kwenda kuzalia jimbo jingine, wengine walikuja leba ikiwa imeshachanganya ili wasiulizwe maswali. Sheria yenyewe iliwekewa muda wa kuisha, na 2016 bunge lao likaiacha ife.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: mjamzito aliyezoea heroini ukimkatisha ghafla, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga, inampata yeye na mtoto tumboni, na mara nyingi anarudia unga na kipimo kikubwa kuliko mwili wake unavyohimili. Tiba inayokubalika ni methadoni au buprenofini, dawa za kushika nafasi ya heroini, anatumia mimba nzima, tena miezi ya mwisho dozi mara nyingi inaongezwa kwa sababu mwili unaichoma haraka. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake: analia kwa sauti nyembamba, anatetemeka, hanyonyi vizuri, anapiga chafya mfululizo. Tunamweka chumba chenye mwanga hafifu, kifuani kwa mama, ananyonya. Wengi wanatulia bila hata tone la dawa. Mama ndiye dawa pale, na wewe unataka awe rumande.

Sasa sehemu ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Kentucky lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuweka sheria, mwaka 2018, kwamba kila mjamzito apimwe homa ya ini C. CDC ikafuata mwaka 2020 kwa kupendekeza hivyohivyo nchi nzima, kila mimba. Zamani tulikuwa tunachagua wa kumpima kwa kumwangalia, yaani tulikuwa tunawakosa. Kwa hiyo kupima tunapima vizuri.

Dawa nayo ipo. Sofosbuviri iliidhinishwa Desemba 2013, ikauzwa dola 1,000 kidonge kimoja, dola 84,000 kwa wiki 12. Bei imeshuka sana tangu hapo na zimekuja mchanganyiko bora zaidi, wiki 8 au 12, na zaidi ya watu 95 katika 100 wanapona. Wanapona kabisa, kirusi hakipo tena.

Lakini kwa mjamzito dawa hizi bado hazijaidhinishwa rasmi. Tafiti ndogo, mojawapo ya Pittsburgh, zimeonyesha matokeo ya kutia moyo, na miongozo inaruhusu daktari na mama wakae wajadili. Kwa vitendo wengi wanaambiwa subiri ujifungue.

Haya, amejifungua. Kwa miaka mingi bima ya serikali anayopata mwanamke maskini kwa sababu ya ujauzito ilikuwa inakatika siku 60 baada ya kuzaa. Wiki 12 za dawa ni siku 84. Mtu aliyepanga hivi hajakaa chini na kalenda. Na ndani ya zile 60 mama ana mshono, halali, miadi ya daktari wa ini ni mji mwingine na gari hana, na majimbo mengi yalikuwa yanataka kwanza athibitishe hajatumia dawa za kulevya kwa miezi kadhaa, au ini liwe limeshaanza kuwa na makovu ndiyo walipe. Yaani usubiri uharibike ndiyo utibiwe. Kuanzia 2022 majimbo mengi, na letu likiwemo, yameongeza bima hadi mwaka mzima, na masharti yale yamelegezwa sehemu nyingi. Nafuu kubwa. Bado wengi hawafiki.

Na mtoto je? Uwezekano wa mama kumwambukiza ni kama 6 katika 100, ukipanda hadi karibu mara mbili mama akiwa na VVU pia. Ni wachache, lakini huwajui ni wapi mpaka upime. Mwongozo wa zamani ulisema mrudishe akiwa na miezi 18. Mtoto wa familia hizi akifika miezi 18 ameshahama nyumba, pengine yuko kwa bibi, au kwa walezi wa serikali wasiojua historia yake. Philadelphia walifuatilia zaidi ya watoto 500 waliozaliwa na kina mama wenye homa ya ini C, wakakuta waliopimwa ipasavyo ni 16 kwa mia. Mwaka 2023 CDC wakabadilisha: pima kirusi chenyewe kuanzia miezi 2 hadi 6, wakati bado anakuja kwenye chanjo. Huu ni uamuzi wa akili sana na ungekuja miaka kumi mapema ningefurahi zaidi.

Papa_Uvira

Salamu kwenu. Mimi ni mkalimani wa hospitali hapa Louisville, jimbo hilohilo. Wakongomani tuko wengi, na Kiswahili chetu kinafanya kazi kila siku leba.

Hiyo sheria ya kupima kila mtu imetusaidia na sisi bila kukusudiwa. Mama wa kwetu akisikia "homa ya ini inayoletwa na sindano za dawa za kulevya" anakasirika, anauliza daktari ameona nini kwake mpaka amfikirie hivyo. Nikimtafsiria kwamba hata mke wa daktari anapimwa, anashuka. Na wako waliokutwa nayo, wala hawajui unga ni nini. Watu wa umri wetu tulichomwa sindano nyingi huko nyumbani, kambini, kwa zahanati za mitaani, sindano moja ya kuchemsha kwa watu wote. Kirusi hakiulizi sindano ilikuwa na nini ndani.

Jambo jingine. Kutoka hapa ukivuka mto Ohio, mwendo mfupi kaskazini, kuna mji wa Austin, kaunti ya Scott, Indiana. Mji wa watu elfu nne hivi. Mwaka 2015 walipata VVU karibu watu 200, wengi wao kwa kujidunga vidonge vya maumivu vya Opana. Zaidi ya tisa katika kila kumi kati ya hao walikuwa na homa ya ini C tayari. Ilikuwa imetangulia miaka kadhaa na hakuna aliyesikiliza. Gavana wa wakati huo, Mike Pence, alikuwa hataki kabisa habari ya kugawa sindano safi, mpaka maji yalipomfika shingoni akaruhusu. Louisville hapa tulianza kugawa mwaka huohuo.

Bwana_Kaskazi

Kugawa sindano! Kodi ya mtu inunue bomba la teja. Nimekuelewa ya Tennessee, nesi, lakini hili halipiti kooni.

Dada_wa_Kisauni

Bwana_Kaskazi kaka yangu, shuka Mombasa siku moja nikutembeze maskani wanakokaa mateja, halafu tuongee.

Mimi ni mhamasishaji, nafanya kazi na kina dada wanaotumia unga. Kenya ilianza kugawa sindano safi mwaka 2012, wazee wa mitaa na viongozi wa dini walipiga kelele kama wewe, wengine wao leo ndio wanatupigia simu tukamchukue kijana fulani. Methadoni ikaanza Nairobi mwisho wa 2014, kisha Malindi na hapa Kisauni. Watanzania walitutangulia, Muhimbili walifungua kliniki yao Februari 2011.

Nataka kuongeza jambo ambalo nesi hajaligusa. Ukienda foleni ya methadoni asubuhi, hesabu wanawake. Ni wachache mno. Si kwamba hawatumii. Wengi mume au mpenzi ndiye mwenye kete, ndiye anayetengeneza, ndiye anayemdunga, na yeye anadungwa wa mwisho kwa sindano ileile. Akipata mimba anajificha kabisa. Kliniki ya wajawazito haendi kwa sababu nesi atamwambia mbele ya watu "we teja na mimba umeipata wapi?" Naomba radhi kwa manesi wazuri, nyinyi mpo. Lakini hilo nimelisikia kwa masikio yangu nikiwa nimemshika mtu mkono.

Nasi tunachofanya ni kwenda naye. Simtumi na karatasi. Naamka naye, tunapanda matatu, nakaa naye benchi mpaka aitwe. Akifika pale anapimwa VVU, anapimwa kaswende. Homa ya ini C kwenye kadi ya kliniki haipo. Kwa hiyo ninyi huko mnawapoteza baada ya kupima, sisi hatujafika hata pa kuwapoteza.

mgeni_mpole

Jamani samahani kuingilia. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi situmii chochote. Mwaka jana nilichangia damu kwa ajili ya ndugu, wakanipigia kuniambia nina homa ya ini C, nirudi. Sikurudi, niliogopa. Sasa nina ujauzito wa miezi mitano na mume wangu hajui. Naomba kuuliza, itabidi nipasuliwe? Na nitamnyonyesha? Na mtoto nikiwa namlisha sahani moja na mimi? Kuna mtu ameniambia ninywe mlonge na mwarobaini.

nesi_wa_zamu

Karibu sana mdogo wangu, na pole kwa kukaa na hili peke yako. Nakujibu moja moja.

Kupasuliwa: hapana. Upasuaji haupunguzi hatari ya kumwambukiza mtoto. Utajifungua kawaida kama hakuna sababu nyingine. Waambie tu wakunga mapema, ili waepuke kumchoma mtoto kichwani kwa vifaa vya kupimia mapigo, na wasipasue chupa ya maji mapema bila sababu.

Kunyonyesha: ndiyo, nyonyesha. Maziwa hayaambukizi. Chuchu zikipasuka zikatoa damu, simamisha upande huo, kamua umwage, mpaka pakauke.

Sahani, kukumbatia, kumbusu mtoto: hakuna shida. Kirusi kinapita kwenye damu. Usichangie wembe, mswaki, mkasi wa kucha.

Mwarobaini uache, hasa sasa una mimba. Ini lako halihitaji kazi ya ziada. Na panadoli usizidishe kipimo.

Kuhusu dawa, kuna moja ya zamani inaitwa ribavirini, inaharibu mimba. Ukikutana na mtu anayekuandikia hiyo, kataa, uliza daktari mwingine. Kwa mume, si lazima umwambie leo usiku. Kupitia ndoa uwezekano ni mdogo sana. Ila naye apime wakati wake.

maabara_ndogo

mgeni_mpole, mimi nakuongezea hili: huenda huna ugonjwa. Benki ya damu wanachuja kwa kingamwili, na kazi yao ni kutupa chupa yoyote yenye shaka. Hata kama walikuambia unacho, walikuwa bado hawajathibitisha, ndiyo maana walikuita urudi. Kipimo unachokidai ni cha RNA. Kikisoma hakuna, umemaliza, hata mtoto hana cha kupimwa.

mgeni_mpole

Kumbe. Nimekaa na hili toka mwaka jana.

Kipanga_wa_Tanga

Nimesoma kuanzia juu. Swali kwa nesi: mtoto akikutwa na kirusi, ndiyo basi?

nesi_wa_zamu

Hapana. Kwanza wako watoto, kati ya robo na theluthi, ambao mwili unakifukuza wenyewe miaka ya mwanzo. Wanaobaki nacho, tangu 2019 huku dawa zimeidhinishwa kuanzia miaka 3, ni punje punje za kuchanganya na chakula. Miaka hiyo mitatu kirusi mara chache kinaleta madhara makubwa kwa mtoto, ila sharti ajulikane yuko wapi. Nina mtoto mmoja kichwani mwangu hivi sasa, majibu yake yalitoka nacho, namba ya simu ya mama haipatikani na anwani waliyoacha ni ya nyumba ya wageni ya barabarani.

Bwana_Kaskazi

Hapo kwenye siku 60 na 84 umenikamata, siwezi kubisha hesabu. Ya sindano bado tutaongea, Dada wa Kisauni.

Dada_wa_Kisauni

Njoo Jumanne, ndiyo siku tunayopita maskani. Uje na viatu vya kufunika.

mgeni_mpole, upo mkoa gani? Usiandike hapa, ingia inbox. Ukitaka mtu wa kukaa nawe benchi siku ya kipimo, tutampata.

maabara_ndogo

Na kabla hujalipa dirishani mwambie yule wa risiti akusomee jina la kipimo. Wakikuandikia cha kingamwili tena, utatoa hela kupewa jibu lilelile. Mwambie unataka kile cha kuhesabu virusi, na uulize majibu yanachukua muda gani, kwa sababu hospitali nyingi zinapeleka sampuli mjini na zinaweza kukaa wiki kadhaa. Kama umeshafika miezi mitano, nenda wiki hii.